UZI: Tunakijua kiatu cha Baniani, Baniani mwenyewe hatumjui. Wahindu wanaamini nini hasa?

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za usiku huu. Mimi humu ni msomaji tu, nachungulia nyuzi zenu napita, ila leo acha niandike maana kuna kitu kimetokea dukani kimenikaa rohoni.

Niko stoo kwenye duka la hadwea la familia moja ya Kigujarati hapa Dar, mwaka wa tisa sasa. Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ya kwanza, kabla hata ya kufagia, ni kutundika limau moja na pilipili mbichi saba juu ya mlango, nazitunga mwenyewe kwa uzi na sindano, pilipili juu limau chini. Ya wiki iliyopita naishusha natupa. Sasa leo kaja mama mmoja anataka kitasa na misumari, akanikuta niko juu ya ngazi nafunga, akasimama palepale kizingitini akaanza kukemea kwa jina la Yesu kwa sauti mtaa mzima unasikia, akageuka akaenda duka la jirani. Bosi akauliza kasema nini, nikamwambia kasema bei zetu ziko juu.

Nikawaza aisee, hawa watu tunaishi nao, babu zetu wamenunua kanga kwao, sisi tunanunua simenti kwao, na bado tunachojua ni kwamba "wanaabudu ng'ombe" na "wana majini ya biashara". Methali tunayo, Baniani mbaya kiatu chake dawa, basi kiatu tumekivaa miaka yote ila Baniani mwenyewe hatujawahi kumuuliza anaamini nini.

Nami sikuuliza mpaka mwaka wangu wa pili. Aliyenifundisha ni bibi wa pale, mama yake bosi, sote tulimwita Ba, alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kaunta anachambua mchele na kupiga stori, Kiswahili chake kizuri kuliko cha wanawe. Nikamuuliza, Ba hizi pilipili za nini? Akasema Lakshmi mwenye kuleta neema na mali ana dada yake, anaitwa Alakshmi, huyo ni mkosi, ni ukata na ugomvi wa nyumbani. Lakshmi anapenda tamu. Dada yake anapenda vichachu na vikali. Kwa hiyo akija unamwekea chakula chake mlangoni, anakula, anashiba, anaondoka bila kuingia ndani, na tamu iko ndani inamsubiri mwenyewe. Basi. Hakuna jini hapo.

Ila hiyo ni mila ya mlangoni tu, imani yenyewe iko ndani zaidi. Tuanze na hili: MHINDI SIO MHINDU. Mhindi ni mtu wa asili ya India, Mhindu ni mwenye dini hiyo. Wagoa wengi ni Wakatoliki, Makalasinga wana dini yao ya Usikh, Bohora na Ismailia na Ithnaasheri ni Waislamu, Wajaini nao wana yao, hata yule Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar 1946 kwao walikuwa Waparsi wa Zoroasta. Baniani nalo asili yake ni jina la jamii ya wafanyabiashara wa Gujarat, sisi tukawavalisha wote.

Na jina Uhindu hawakujipa wao. Linatokana na mto Sindhu, Waajemi walipolitamka S ikawa H, watu wa ng'ambo ya mto wakaitwa Wahindu. Wenyewe wanaiita Sanatana Dharma, yaani njia ya tangu na tangu. Haina mwanzilishi, haina mtume mmoja, haina papa, haina shahada wala ubatizo ambao usipoupita wewe si mmoja wao. Maandiko ya zamani kabisa ni Veda, ziko nne, na Rig Veda yenye tenzi 1,028 inakadiriwa ilitungwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, watu wakaishika kichwani kizazi kwa kizazi ndo baadaye sana ikaandikwa. Kwa hiyo ukikutana na Wahindu wawili wanaopingana kila kitu usishangae, wote wako sawa.

Ulizeni, ninachokijua nitajibu.

#2

Mkuu nimeweka kiti nimekaa. Swali la kwanza, ni kweli wana miungu milioni 330? Maana hata ungekuwa unasalimia mmoja kwa sekunde usingemaliza.

#3 Mleta uzi

Hahaha mkuu hesabu yako kali. Hiyo namba inatokana na neno koti. Laki unaijua, tumeirithi kwao hukohuko pamoja na pesa, bima, dobi na bepari. Sasa laki mia moja ni koti moja. Maandiko yanataja 33 koti, ukizidisha unapata milioni 330. Lakini wapo wasomi wanaosema koti kwa Kisanskriti, lugha ya zamani ya maandiko yao, ina maana pia ya aina au kundi, kwa hiyo ni aina 33: miungu wanaoitwa Vasu 8, Rudra 11, Aditya 12, jumlisha Indra na Prajapati.

Kuna kisa kwenye Upanishadi, hayo ni maandiko ya mwisho ya Veda ambako falsafa yenyewe ndiko ilikolala. Mwanazuoni mmoja anaitwa Yajnavalkya anabanwa mbele za watu: miungu wako wangapi? Akajibu 3,306. Sawa, lakini hasa hasa ni wangapi? 33. Hasa hasa? Sita. Hasa? Watatu. Hasa? Wawili. Hasa? Mmoja na nusu (hapo hata mimi nilicheka). Hasa hasa wangapi? Mmoja.

Na Rig Veda ina mstari wanaupenda sana, kwamba kilicho kweli ni kimoja, wenye hekima wanakiita kwa majina mengi.

Hicho kimoja ndo wanakiita Brahman. Hapa watu wanachanganya mambo matatu: Brahman ndiye huyo asiye na umbo, asiye mume wala mke, chanzo cha kila kitu. Brahma ni yule wa sura nne anayeumba, yuko kwenye utatu na Vishnu anayetunza na Shiva anayevunja ili vianze upya. Na Brahmin ni mtu, wa tabaka la makuhani. Ukikosea hapo uzi wote umekupotea.

Ba hakunieleza kwa maneno magumu. Alinituma. Akasema chukua glasi ya maji tia chumvi koroga, kaiache kaunta. Tukahudumia wateja wee mpaka mchana akasema nitolee ile chumvi. Nikamwambia Ba imeyeyuka. Onja juu. Chumvi. Mwaga kidogo onja ya kati. Chumvi. Onja ya chini. Chumvi kweli, na kali. Akasema basi yuko hivyo, humuoni na hakuna mahali hayupo. Baadaye nikaja kugundua kumbe kisa hicho ni cha baba anaitwa Uddalaka na mwanawe Shvetaketu kwenye Chandogya Upanishadi, na baba anamalizia kwa neno ambalo limewagawa wanafalsafa wao mpaka leo: "ndiye wewe". Yaani roho iliyo ndani yako, atman, ndiyo hiyohiyo Brahman. Shankara wa karne ya 8 akasema ni kitu kimoja kabisa, kutofautiana ni ujinga wetu tu. Madhva wa karne ya 13 akasema hapana bwana, Mungu ni Mungu na roho ni roho, daima viwili. Na hakuna aliyefukuzwa kwenye dini kwa hilo.

#4

Mleta uzi samahani lakini mimi nimelelewa kanisani, Kutoka 20 iko wazi, usijifanyie sanamu. Hao wanaogesha sanamu maziwa na kulilisha, tusipambe maneno.

#5 Mleta uzi

Kaka sikuja kumhamisha mtu, Jumapili na mimi niko ibadani. Naeleza wanavyoona wao, kukubali ni juu yako.

Kwao jiwe likitoka kwa fundi ni jiwe. Kuna ibada ya kulitia uhai, inaitwa prana pratishtha, baada ya hapo wanaamini Mungu amekubali kukaa pale ili mtu mdogo apate pa kumtazama. Ndo maana haendi hekaluni kusikiliza mahubiri kama sisi, anaenda kwa darshan, yaani kumuona na kuonwa. Anavua viatu, anagonga kengele, anasimama. Jioni kuna aarti, sinia yenye taa za samli inazungushwa mbele ya sanamu huku wanaimba, halafu inapitishwa kwa watu, kila mtu anaweka viganja juu ya moto kidogo anajipaka joto lile usoni. Kisha prasad, chakula kilichotolewa kwanza kwa Mungu ndo mnagawiwa, ndizi, nazi, ladu zile tamu za mviringo. Mimi nimekula ladu nyingi sana kwa njia hiyo sikatai.

Lakini angalia Mumbai sikukuu ya Ganesha, yule mwenye kichwa cha tembo. Wanafinyanga sanamu ya udongo, wanaipamba, wanaiombea siku kadhaa, halafu wanaibeba kwa ngoma mpaka baharini wanaizamisha inayeyuka. Sasa mtu anayeamini Mungu ni lile dongo angelitupa baharini huku anacheza?

Na wapo Wahindu wanaokubaliana na wewe kabisa. Arya Samaj, kundi lililoanzishwa 1875 na Dayananda Saraswati, linakataa sanamu, linarudi kwenye Veda na moto tu. Hapa Afrika Mashariki wapo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita.

#6

Ndugu yangu mleta uzi shukran. Mie niko Unguja, umri umekwenda. Hawa hatukuwaona kwenye reli ya Mwingereza, walitangulia. Enzi za Seyyid Said aliyekuwa akikodi ushuru wa forodha Zanzibar ni Jairam Shivji, wa jamii ya Bhatia kutoka Kachchh huko Gujarat, Mhindu huyo, na Sultani Muislamu akamuamini na hazina yake. Pale Hurumzi hekalu lao lipo hadi leo, limebanana na misikiti, kengele ikilia na adhana ikisomwa kila mtu anajua yake. Na Muscat vilevile wana hekalu la Shiva la siku nyingi. Diwali sisi watoto tulikuwa tukijipanga barazani kwa jirani kungojea halua na fataki. Hebu utueleze hiyo Diwali yenyewe ni nini, maana sisi tulijua utamu tu.

#7 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Umenikumbusha kitu, hilo neno fataki lenyewe linawatoa mate watoto wa Upanga.

Diwali ni safu ya taa. Wengi wanasema ni kurudi kwa Rama nyumbani Ayodhya baada ya miaka 14 ya uhamisho na kumshinda Ravana mwenye vichwa kumi, watu wakawasha taa kumpokea. Rama ni mmoja wa avatari wa Vishnu, yaani Vishnu anashuka duniani mambo yakiharibika. Wanahesabu kumi, kuanzia samaki, kobe, nguruwe mwitu, kupanda mpaka Rama na Krishna, wa kumi Kalki bado hajaja.

Kwa Wagujarati wa dukani Diwali ni sikukuu ya madaftari. Hii nimeishuhudia kila mwaka. Madaftari mapya ya hesabu yanawekwa mbele ya picha ya Lakshmi, ukurasa wa kwanza unaandikwa heri na faida kwa Kigujarati na kuchorwa swastika, wanaita chopda pujan. Mara ya kwanza kuona ile swastika nilishtuka nikajua bosi ni Hitler. Kumbe alama hiyo wanayo maelfu ya miaka kabla yake, maana yake hali njema. Siku hizi na kompyuta inawekwa pale inapakwa nukta nyekundu, nami kama mtu wa stoo naleta daftari la stoo linabarikiwa pamoja na makosa yangu yote.

Ila avatari ninayempenda mimi ni Narasimha, nusu mtu nusu simba. Kulikuwa na mfalme Hiranyakashipu, kafanya toba kali mpaka akapewa ombi: asiuliwe na mtu wala mnyama, si mchana si usiku, si ndani si nje, si ardhini si angani, wala kwa silaha. Akajiona kamaliza, akaamuru aabudiwe yeye. Mwanawe mwenyewe Prahlada akagoma, anamtaja Vishnu tu. Kamtupa gengeni hakufa, kamlaza na shangazi yake Holika motoni, kaungua shangazi (huo ndo moto wa mkesha wa Holi ile ya kurushiana rangi). Mwisho mfalme akauliza kwa dharau, huyo Vishnu wako yuko kila mahali, kwenye nguzo hii yumo? Akaipiga. Nguzo ikapasuka akatoka Narasimha, si mtu si mnyama, jua linazama, si mchana si usiku, akamkalisha kizingitini, si ndani si nje, akampakata mapajani, si ardhini si angani, akamrarua kwa kucha. Ba alikuwa akifika kwenye kucha anabana vidole vyake kwenye mkono wangu mpaka naruka.

#8

Sasa wasee. Nairobi hapa. Ukipita ile iliyokuwa Forest Road kuna lile hekalu la Wahindu wa dhehebu la Swaminarayan lilifunguliwa 1999, mawe yalichongwa India yakaletwa yakaunganishwa hapa, nilienda nikashangaa, utulivu si wa hii city. Lakini mimi nataka kuuliza karma. Huku kila mtu anasema karma itakupata, ex wako akipata ajali ni karma. Ni hivyo?

#9 Mleta uzi

Karibu jirani. Hapana, hiyo ni karma ya mtandaoni.

Karma maana yake ni tendo, basi. Na kila tendo linaacha mbegu, itaota leo au maisha yajayo, na hakuna anayekaa juu akikulipizia, ni kama ukipanda mahindi utavuna mahindi hata uombe vipi yawe maharage. Mimi nalielewa kwa daftari la mkopo. Mteja anachukua mabati leo anasema nitalipa, anahama Dar anaenda Songea, deni halijafa. Ndo maana roho inarudi, inazaliwa tena na tena, mzunguko huo wanauita samsara. Na si lazima urudi mtu.

Kuhusu kufa na kurudi Gita ina mfano mmoja mwepesi: kama mtu anavyovua nguo kuukuu akavaa mpya, ndivyo roho inavyovua mwili uliochakaa. Hiyo Bhagavad Gita ina beti 700 tu, iko katikati ya utenzi mkubwa Mahabharata wenye beti kama laki moja. Arjuna yuko uwanja wa vita, ng'ambo wamesimama binamu zake na mwalimu wake, mikono inatetemeka upinde unamtoka anasema sipigani. Anayeendesha gari lake la farasi ni Krishna. Mazungumzo yao ndo Gita. Jibu la Krishna kwa ufupi ni kwamba wewe ni askari, una dharma yako, haki yako ni kwenye kazi, matunda si yako, fanya bila kung'ang'ania matokeo. Dharma ni neno gumu kulitafsiri, ni wajibu, ni haki, ni ule mwenendo unaokupasa wewe kwa nafasi yako, wa mama sio wa mfalme.

Na ndo mlango wa kutokea. Ukifanya kazi bila kutamani tunda, deni jipya haliandikwi. Wengine wanatoka kwa elimu, kujua ile chumvi kwenye maji. Wengine kwa mapenzi tu, bhakti, kuimba na kumtaja Mungu, na huko ndiko walipo wengi, Ba akiwemo. Kutoka kabisa kwenye mzunguko ndo moksha. Usifikirie ni pepo yenye mito ya asali. Pepo wanazo lakini nazo ni za muda, salio likiisha unarudi chini.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mali siyo dhambi kwao. Wanataja malengo manne ya maisha: dharma, artha ambayo ni riziki na mali, kama ambayo ni raha na mapenzi (msisome kama kiunganishi wakuu), na moksha. Tajiri na mtawa aliyeacha yote wote wako njiani, mradi mali iwe ndani ya dharma.

#10

Mimi ni dada wa Tanga. Kaka umeeleza vizuri lakini hujagusa kidonda. Mbona wanatubagua? Nimefanya kazi kwao miaka miwili, kikombe changu cha chai kilikuwa cha bati kimewekwa peke yake nje ya jiko. Hiyo nayo ni dharma?

#11 Mleta uzi

Dada pole, na sitakutetea hapo kwa sababu kikombe hicho nakijua. Kwetu pia kilikuwepo nilipoanza.

Ukweli ni huu. Rig Veda ina utenzi unaosema mtu wa kwanza alipotolewa kafara, kinywani wakatoka Brahmin, mikononi wapiganaji Kshatriya, mapajani wafanyabiashara na wakulima Vaishya, miguuni watumishi Shudra. Chini ya hao wanne kukawa na watu wasiohesabiwa kabisa, wa kuzoa kinyesi na kuchuna mizoga, hata kivuli chao kikawa najisi. Wenyewe leo wanajiita Wadalit, waliovunjwavunjwa. Kwa hiyo kabla kikombe hakijakufikia wewe Tanga kilikuwa kimeshawakuta ndugu zao India kwa karne nyingi.

Wapo Wahindu wanaosema ni upotoshaji, tabaka lilikuwa kazi na tabia, si kuzaliwa. Wapo walioipinga kwa nguvu. Katiba ya India ya 1950 ibara ya 17 ikafuta unajisi huo, na aliyeongoza kamati ya kuiandika ni B. R. Ambedkar, Mdalit mwenyewe. Lakini huyohuyo Ambedkar tarehe 14 Oktoba 1956 pale Nagpur akaacha Uhindu akaingia Ubudha na malaki ya watu nyuma yake, akiona sheria pekee haitoshi. Mimi hapo nakaa upande wa Ambedkar. Ukiwa na kitabu kinachosema roho ya kila mtu ni ileile moja halafu ukatenga kikombe, kuna pahali hujakisoma kitabu chako.

Niliwahi kumwambia Ba hivyo, kwa ujasiri wa kijinga. Alinyamaza siku nzima. Kesho yake chai yangu ikaja kwenye kikombe cha udongo kama chao. Hakusema kitu, na wanawe wengine hawakupenda.

#12

Na Mwafrika anaweza kuwa Mhindu au lazima uzaliwe? Halafu ng'ombe vipi, nijibie mimi ni Msukuma ng'ombe ni mahari 😂

#13 Mleta uzi

Anaweza. Accra Ghana kulikuwa na mtawa Mghana kabisa, Swami Ghanananda Saraswati, alianzisha monasteri ya Kihindu 1975, amefariki 2016, waumini wake Waghana. Ila hawapiti nyumba kwa nyumba kutafuta watu. Na dini si ya India pekee, Nepal ni wengi, Bali kule Indonesia ni wengi, Mauritius wanakaribia nusu ya watu.

Ng'ombe mkuu hawamwiti Mungu muumba. Ni mama: anakupa maziwa, samli, ndama wa kulimia, mavi ya kupikia, hajakuuliza kitu, sasa mama unamchinja? Wasukuma mbona mnaelewa hilo kuliko wote, ng'ombe kwenu si nyama ya kila siku. Nyuma yake kuna ahimsa, kutodhuru chenye uhai, maana roho iliyo ndani ya mbuzi nayo iko safarini. Lakini sio Wahindu wote hawali nyama. Bengali hata baadhi ya Mabrahmin wanakula samaki. Wafuasi wa Swaminarayan kwa upande mwingine hawagusi hata kitunguu na vitunguu saumu. Dukani kwetu sheria ni moja, mishikaki unaila nje ya geti.

#14

Kuchoma maiti mkuu. Hilo ndo mimi linanitoa jasho. Na huyo Ba bado yupo? Msalimie.

#15 Mleta uzi

Ba amefariki mwaka jana, mwezi wa nne.

Nilikwenda. Asubuhi alikuwa amelala sebuleni sakafuni, kafunikwa sari, maua, kinywani wamemtia maji ya Ganges, mto wao mtakatifu kule India, ambayo alikuwa ameyatunza kwenye kichupa kabatini miaka yote. Kila mtu amevaa nyeupe. Wanaume ndo tulienda nae, kwa desturi ya pale nyumbani wanawake walibaki. Mwanawe mkubwa, bosi wangu, ndiye aliyewasha moto. Nilidhani nitaogopa. Kwao mwili umeazimwa kwenye vitu vitano, udongo, maji, moto, upepo na anga, moto unavirudisha haraka ili roho isizungukezunguke pale ikiutamani. Watoto wachanga na watawa wanazikwa, wengine karibu wote ni moto.

Wala si geni kwetu sana. Wangari Maathai, yule mama wa miti wa Kenya, 2011 aliacha wosia asizikwe kwa jeneza la mbao, wakamchoma pale Kariokor Nairobi, mahali pa Wahindu. Na sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa 1948 kule Jinja, Nile inapoanzia, maana kwao mto mkubwa ni mto mtakatifu hata kama uko Uganda.

Majivu ya Ba bosi aliyapeleka India. Akakaa nyumbani siku 13 hajanyoa, duka tukalifungua sisi. Aliporudi akanikuta stoo akaniuliza swali moja tu, kama zile Jumamosi mbili pilipili zilitundikwa. Nikamwambia zilitundikwa bosi. Akatikisa kichwa akaenda kukaa kaunta, kile kiti cha plastiki hakukikalia, na mpaka leo hakuna anayekikalia.

Niwaache wakuu, alfajiri napitia soko la Kisutu, pilipili mbichi zimepanda na huwa nachagua zenye vikonyo.

#16

Mkuu mama wa kitasa akirudi mweleze ya Alakshmi.

#17 Mleta uzi

Kitasa chake nimemwekea pembeni.